Mabua kuwa gesi: Piga hesabu kabla ya kununua mashine

BAADA ya mavuno, mabua ya mahindi huonekana kama takataka. Kwa mkulima wa Rungwa, Halmashauri ya Itigi mkoani Singida, mabua hayo yanaweza kupunguza safari za kutafuta kuni, hasa kwa kuwa jirani yake ni Pori la Akiba la Rungwa, ambako kukata miti bila kibali ni kosa.

Tatizo ni kwamba bua ni gumu. Sukari yake imefungwa ndani ya nyuzi zilizogandishwa na lignini, kitu kinachofanya kazi kama saruji ukutani. Vijidudu vya kwenye mtambo wa biogesi haviwezi kuila upesi mpaka saruji hiyo ilegezwe.

Njia za kuilegeza ni nyingi. Viwanda hutumia mvuke mkali au tindikali. Watafiti wamejaribu pia mawimbi ya mikrowevu na ya sauti, ambayo hufanya kazi haraka lakini hula umeme mwingi.

Tanzania ina mfano wake katika mkonge. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwamo Anthony Mshandete, waliripoti mwaka 2006 kuwa kusaga mabaki ya nyuzi za mkonge hadi milimita 2 kuliongeza methani kwa asilimia 23, kutoka mita za ujazo 0.18 hadi 0.22 kwa kila kilo ya mabaki, bila kuhesabu maji na majivu. Mwaka 2005 waliripoti njia rahisi zaidi: kuyaacha makapi ya mkonge yapate hewa kwa saa 9 kabla ya kuyafungia mtamboni. Methani iliongezeka kwa asilimia 26.

Sasa hesabu. Kwa kilo 100, kusaga kunaleta mita 4 za ziada. Mita moja ina joto la takriban uniti 10, lakini injini ndogo hugeuza kama robo tu kuwa umeme. Faida ni uniti 10. Mashine ikila zaidi ya hapo, umeme wake ni hasara.

Mabua si mkonge, hivyo viwango vitatofautiana. Kwa mkulima mdogo, ni busara kuanza na panga, maji na samadi ya ng'ombe. Tope linalobaki lirudishwe shambani, kwani mabua yakiondolewa yote, udongo nao hubaki na njaa.