Homa ya Ini ya C Inapona

Ugonjwa huu huenezwa hasa kwa damu, kama kwa sindano au wembe wa kushirikiana, wala hauna chanjo. Zamani mgonjwa alichomwa sindano za interferoni miezi 6 hadi 12, na wengi hawakupona. Tangu 2014 vipo vidonge vya sofosbuviri na daklatasviri. Kwa kawaida humezwa wiki 12, na huponya zaidi ya wagonjwa 90 katika kila 100.

Lakini usimfiche daktari kitu. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, huvipunguzia nguvu vidonge hivyo, basi kifua kikuu hutibiwa kwanza. Aliye pia na homa ya ini ya B apimwe mapema, maana ile B iliyolala huweza kuamka. Mama mjamzito kwa kawaida hungoja ajifungue. Kunyonyesha hakumwambukizi mtoto, ila chuchu zikipasuka na kutoka damu, apumzike mpaka zipone.