Pumzi kama Shahidi: Upimaji wa Hewa Itokayo Mapafuni na Ugonjwa wa Sukari

Miaka kadhaa iliyopita, katika mtaa mmoja wa Lubumbashi, kijana wa miaka 17 alifikishwa usiku katika zahanati. Alikuwa akihema kwa nguvu, maneno yake yamechanganyika, na pumzi yake ilikuwa na harufu kali yenye utamu. Aliyempokea alimnusa, kisha akamgeukia mzazi wake: «Mama, huyu amekunywa lutuku. Mpeleke akalale, kesho atakuwa mzima.» Mama alijibu kwamba mwanawe haonji pombe; lakini ni nani amsadikiye mzazi katika jambo kama hilo? Walirudi nyumbani. Alfajiri walikwenda mahali pengine, na huko hatimaye kijana akatobolewa kidole. Chombo cha kupimia sukari hakikuonyesha tarakimu yoyote, ila alama tu ya kwamba kiwango kimepita upeo wake. Kijana hakuwa mlevi. Alikuwa na ugonjwa wa sukari ambao hakuna aliyeujua, na damu yake ilikwisha kujaa asidi.

Makala haya yanakusudia kueleza ile harufu ilitoka wapi, ni kwa njia gani wataalamu wanajaribu kuipima kwa vyombo, na ni kwa nini kipimo hicho hakiwezi kuaminiwa peke yake. Mwandishi si mganga. Ni mtu wa isimu. Msomaji ataona mwishoni kwamba isimu nayo ina neno lake katika jambo hili.

Tuanze na mwili wenyewe. Chembe za mwili hutumia glukosi kama kuni za kila siku, na insulini ndiyo ifunguayo mlango ili glukosi iingie katika misuli na mafuta. Insulini ikikosekana, sukari hujaa katika damu huku chembe zikiwa na njaa. Hapo mwili hugeukia mafuta yake. Ini huyachukua mafuta hayo na kuyageuza kuwa vitu vitatu viitwavyo ketoni. Viwili kati yake ni asidi, na ndivyo viharibuvyo damu. Cha tatu ni asetoni, kitu kilekile kilichomo katika dawa ya kufutia rangi ya kucha. Asetoni huzaliwa pale mojawapo ya zile asidi inapovunjika yenyewe. Kwa kuwa ni kitu chepesi kugeuka mvuke, hakikai katika damu: kikifika katika vifuko vidogo vya mapafu, huvuka utando mwembamba na kutoka pamoja na pumzi. Harufu tuliyoitaja, basi, ni mafuta ya mtu yanayoungua. Na ule uhemaji mzito ni juhudi ya mwili kupunguza asidi kwa kuitoa hewa ya kaboni kwa wingi. Adolf Kussmaul, daktari wa Kijerumani, aliueleza mwaka 1874, na hadi leo unaitwa kwa jina lake.

Ujuzi huu si mpya. Mwaka 1857, huko Prague, Wilhelm Petters alikwisha kutambua asetoni katika mkojo wa mgonjwa wa sukari. Kilichokuwa kigumu ni kuipima katika pumzi, maana kiasi chake ni kidogo mno. Mwaka 1971 Linus Pauling na wenzake, nchini Marekani, waliipitisha pumzi katika mrija uliopozwa sana ili mivuke igande, kisha wakaitenganisha kwa mashine. Walikuta vitu vipatavyo 250. Tangu hapo pumzi haikuhesabiwa tena kuwa hewa tupu. Leo kuna vyombo vidogo vya mkononi vyenye kipande cha oksidi ya metali kinachopashwa moto: asetoni ikikigusa, upitishaji wake wa umeme hubadilika, na badiliko hilo husomwa kama tarakimu.

Namna ya kupuliza ina umuhimu mkubwa kuliko inavyodhaniwa. Mtu aliyetulia hutoa hewa kama nusu lita kwa kila pumzi, na karibu theluthi ya kwanza ya hewa hiyo haikufika kamwe katika vifuko vya mapafu. Ilibaki njiani, katika koo na mirija. Hewa hiyo haina habari yoyote ya damu. Ndiyo sababu mpimwaji huambiwa apulize mpaka mwisho kabisa, na chombo husoma sehemu ya mwisho tu.

Sasa tuje kwenye mipaka, ambayo kwa maoni yetu ndiyo sehemu inayosahauliwa na wale wanaosifia vyombo hivi. Kipimo cha pumzi hakisemi «sukari imezidi». Kinasema «mafuta yanatumika». Mambo hayo mawili huandamana mara nyingi, lakini si sikuzote. Mtu mzima mwenye afya aliyekula vizuri huwa na asetoni isiyozidi sehemu 1 au 2 katika milioni. Akifunga siku mbili, kiasi hicho chaweza kufika makumi, naye si mgonjwa. Aliye katika hatari kama kijana wetu huwa na makumi kadhaa, hata kupita mia. Wengi wa wenye sukari ya aina ya pili, ile ya watu wazima, hubaki na asetoni inayokaribiana sana na ya wazima, kwa sababu insulini yao haijakwisha. Chombo kitawapita bila kuwaona.

Kuna kundi jingine linalotuhusu zaidi, sisi tuishio katika nchi zenye njaa ya muda mrefu. Mwaka 1985 Shirika la Afya Duniani (OMS) liliweka katika orodha yake ugonjwa wa sukari utokanao na upungufu wa chakula. Mwaka 1999 likauondoa. Na mwaka 2025 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari likaamua kuuita aina ya tano. Waathiriwa ni vijana waliokonda, na jambo lililowashangaza madaktari tangu zamani ni kwamba sukari yao hupanda sana bila ketoni kutokea. Pumzi yao haina harufu. Mwenye kuleta chombo cha pumzi kijijini na kuacha kipimo cha damu nyumbani atawaambia watu hawa waende zao, nao watakwenda. Kwa hiyo anayeshukiwa atobolewe kidole hata kama pumzi yake ni safi. Na kipimo cha damu kabla ya kula kikifika miligramu 126 kwa desilita, kirudiwe siku nyingine ili kuthibitisha.

Haya hayana maana kwamba pumzi haifai. Kwa mmeng'enyo wa maziwa, kwa mfano, imefaulu vizuri: chembe za binadamu hazitengenezi hidrojeni, ila bakteria wa utumbo huitengeneza wanapopata sukari ya maziwa isiyosagwa. Mtu akinywa sukari hiyo, na hidrojeni ya pumzi yake ikapanda kwa sehemu 20 katika milioni, jibu limepatikana bila sindano. Hata asetoni ina kazi yake, nayo ni kuonya mapema. Tutofautishe tu uchunguzi wa awali na kipimo cha kuthibitisha. Katika mihadhara yetu tumewasikia wanafunzi wakitumia «kupima» kwa yote mawili, na mkanganyiko huo si wa maneno tu.

Hapo ndipo ninaporudi kwa yule kijana. Katika zahanati ya pili mwuguzi, ambaye siku hiyo alikuwa na mafua, alimwuliza mama: «Je, pumzi yake inanuka?» Mama, aliyelelewa Kalemie, alijibu: «Hapana, hainuki.» Alisema kweli. Katika Kiswahili, kunuka ni kutoa harufu mbaya. Kunukia, chenye umbo la kutendea, ni kutoa harufu nzuri. Na harufu ya asetoni ni tamu. Mwuguzi aliandika kwamba hakuna harufu, akaendelea kutafuta malaria. Ni bibi wa kijana, aliyekuwa ameketi pembeni, aliyesema baada ya muda: «Lakini mwanangu, inanukia. Kama nanasi lililoiva kupita kiasi.» Mwuguzi aliweka kalamu chini akachukua sindano.

Wauguzi wanaofunzwa kwa Kifaransa hutafsiri swali lao kutoka neno moja lisilo na ubaya wala uzuri, na kitenzi cha kwanza wakipatacho ni kunuka. Swali lifaalo ni refu kidogo: «Pumzi yake ina harufu gani? Inafanana na nini?» Likifuatwa na mengine mawili, yaani anakunywa maji kiasi gani na anaamka mara ngapi usiku kwenda haja ndogo, mama yule angeweza kujibu yote matatu tangu usiku wa kwanza.