Nailoni ya Malchi: Kabla ya Kuitandaza, Panga Itakavyotoka

Najua wengi wenu muda huu mko madukani mnaulizia bei ya rola za malchi, maana kiangazi kinakuja na tikiti, nyanya na hoho vinataka matandazo. Kabla hujatoa hela, naomba tuongee jambo ambalo muuzaji hana sababu ya kukuambia: hiyo nailoni itatokaje shambani baada ya kuvuna?

Ukitaja uchafuzi wa plastiki, watu wengi wanawaza chupa za ufukweni na mifuko kwenye mitaro. Rwanda ilizuia mifuko ya plastiki tangu 2008, Kenya ikafuata Agosti 2017, na sisi Tanzania tarehe 1 Juni 2019. Lakini katazo letu lilikuwa la mifuko ya kubebea bidhaa. Vifungashio vya shughuli za kilimo viliachwa, na kwa sababu ya maana kabisa, maana mbegu na mbolea lazima vifungashwe. Tatizo ni kwamba mkulima akaona habari ya plastiki ni ya watu wa mjini.

Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilitoa ripoti mwaka 2021 ikionyesha kwamba kilimo na ufugaji duniani hutumia tani milioni 12.5 hivi za bidhaa za plastiki kwa mwaka. Plastiki yote iliyotumika duniani mwaka 2019 ilikuwa kama tani milioni 460, kwa hiyo sisi hatufiki hata asilimia 3. Ni kidogo, ndiyo. Ila chupa ya soda mwisho wake ni jalala au mtaro, na malchi mwisho wake ni udongo uleule unaotegemea kupandia msimu ujao. Na msitegemee mkataba wa dunia utuokoe leo au kesho. Mataifa yalikubaliana Nairobi Machi 2022 kuuandaa, yakakutana Busan mwishoni mwa 2024, yakakutana tena Geneva Agosti 2025, na mara zote hizo mbili wakaondoka bila kuelewana.

Sasa nisieleweke vibaya. Sipingi malchi. Inazuia magugu, inatunza maji, na ile ya rangi ya fedha juu na nyeusi chini inasumbua inzi weupe na vithiripi kwa mwanga inaourudisha. Kwa kijana anayelima kwa dripu na kununua maji ya kisima kwa lita, hiyo ni faida unayoiona mfukoni. Ninachosema ni kwamba kuna nchi iliyotutangulia mbali sana kwenye hili, na tuna nafasi ya kuangalia yaliyoikuta.

Nchi hiyo ni China. Waliichukua teknolojia hii kutoka Japani mwishoni mwa miaka ya 1970. Mavuno yakapanda, kwa mazao ya nafaka asilimia 20 hadi 35, na mazao ya biashara hadi asilimia 60. Wakaipenda, leo hakuna nchi inayotumia malchi nyingi kuwazidi. Lakini ili bei iwe chini viwanda vilitengeneza nailoni nyembamba mno, chini ya mikroni 8, yaani sehemu 8 za elfu moja za milimita. Nailoni ya namna hiyo ukishaivuta baada ya kukaa juani msimu mzima inachanika vipandevipande, na mkulima anaona bora alime juu yake. Miaka ikapita hivyo. Watafiti walipokuja kuchimba na kupima, kwenye mashamba mengine walikuta mabaki ya kilo 50 hadi 260 kwa hekta kwenye tabaka la juu la udongo. Kwa ekari ni kama kilo 20 hadi 105. Mashamba ya pamba ya jimbo la Xinjiang ni kati ya yaliyoathirika zaidi. Vipande hivyo vinazuia maji kushuka na kusambaa, mizizi inakunjamana inapovikuta, na mbegu inayodondokea juu ya kipande inaota vibaya au haioti. Yaani kitu kilichopandisha mavuno kikaanza kuyashusha. Mwaka 2018 serikali yao ikaanza kutumia kiwango kipya: malchi isiwe chini ya mikroni 10, mradi tu iwe na nguvu ya kukusanyika.

Tuje kwenye ekari yako. Chukua matuta yaliyoachana mita 1.6 kutoka katikati hadi katikati, nailoni ya upana wa mita 1.2, unene wa mikroni 25. Utahitaji takriban mita 2,500 za nailoni, ambazo uzito wake ni kama kilo 70. Ukivuna ukaokoa sehemu nne kati ya tano, umeacha kilo 14 chini. Fanya hivyo misimu mitano na tayari una kilo 70, umeingia katikati ya zile hesabu za China. Na wewe ulidhani unaokota vizuri!

Kwa hiyo unene ndio jambo la kwanza la kuangalia, na hapa kuna mchezo mchafu. Lebo inasema mikroni 25 au 30, ndani kumefungwa 15. Kwa macho huwezi kujua, kwa mizani unajua. Zidisha urefu wa rola kwa upana wake, vyote kwa mita, halafu zidisha kwa mikroni, halafu kwa 0.92. Jibu ni uzito kwa gramu. Rola ya mita 400 kwa mita 1.2 ya mikroni 25 inakuja gramu 11,040, sema kilo 11, ukiacha bomba la katikati. Mwambie muuzaji aiweke kwenye mizani mbele yako. Ikisoma kilo 7, ama ni nyembamba, ama ni fupi, na vyote viwili ni hasara yako. Mimi napendekeza usishuke chini ya mikroni 25. Ukiwa na mpango wa kupanda mazao mawili juu ya nailoni ileile, kwa mfano nyanya halafu matango kwenye mashimo yaleyale, nenda 30. (Nyanya halafu hoho hapana, hizo ni ndugu na magonjwa yao ni yaleyale.) Kutumia mara mbili ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kupunguza plastiki nusu, na inapunguza gharama vilevile.

Kuitoa ni kazi ya siku mbili tatu, na wengi wanaiharibu kwa haraka. Anza kwa kukata mimea usawa wa ardhi na kutoa mipira ya dripu. Shamba likiwa kavu kama jiwe mwagilia kidogo siku moja kabla, maana kingo zilizofukiwa ndizo zinazobaki. Jua linadhoofisha nailoni pale inapoingia ardhini, ukivuta kutoka katikati inakatika kwenye mstari huohuo na upande wa chini unabaki kaburini. Tumia uma au jembe kulegeza udongo pande zote mbili za tuta kwanza. Kisha watu wawili wanyanyue taratibu huku wakiviringisha kwenye mti. Mkimaliza, pita na watoto wa kazi waokote vipande, ndipo umwite mwenye trekta. Haro ikipita kabla ya hapo imekwisha, imekusagia nailoni kama mchicha na hakuna mtu wa kuitoa tena.

Kuna wanaosema, shamba lenyewe la kukodi, la nini kujisumbua? Niwape lililotokea kwenye eneo ninalohudumia. Kijana mmoja alikodi ekari mbili kwa mzee, akalima hoho misimu miwili, akapata. Anaenda kuongeza mkataba, mzee kakataa. Kijana akaja kwangu akidhani mzee anataka kodi zaidi. Tukaenda wote, tukaamkia, tukakaribishwa. Mzee akasema, "Bwana shamba, huyu mwanangu ni mchapakazi, sina neno naye. Lakini ng'ombe wangu huwa wanalishwa pale kiangazi. Mmoja kakonda mpaka nikamchinja, tumboni tumetoa bonge la nailoni. Sasa kodi anilipe, na ng'ombe nani ananilipa?"

Hakukuwa na la kujibu. Plastiki ikiingia tumbo kubwa la ng'ombe au mbuzi haisagiki na mara nyingi haitoki. Mnyama anakula lakini nafasi ya chakula imejaa. Kijana alikuwa ameshalipia kuvuta umeme hadi kwenye kile kisima, na chote kikabaki kwa mwenye shamba. Tangu hapo nawashauri wote mnaokodi: andikeni kwenye mkataba nani anatoa nailoni na lini. Wenye mashamba wanapenda kusikia hivyo, na wengine wanakubali mkataba mrefu zaidi kwa sababu hiyo.

Halafu kuna hizi zinazouzwa kama "inaoza yenyewe". Kuwa makini. Ziko za aina mbili, na tofauti yake ni kubwa. Aina ya kwanza ni plastiki ya kawaida iliyochanganywa kemikali ya kuifanya ivunjike haraka ikipata jua na hewa. Hiyo haiozi, inakuwa vumbi tu, na Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku kuanzia 2021. Aina ya pili inaliwa kweli na vijidudu vya udongo, na unailima ndani baada ya kuvuna. Ya kweli inapimwa kwa kiwango cha Ulaya kinachoitwa EN 17033, kinachotaka angalau asilimia 90 iwe imeoza ndani ya miaka miwili udongoni. Bei yake ni juu. Muuzaji akikosa kukuonyesha namba hiyo kwenye karatasi za bidhaa, chukulia ni ile ya kwanza.

Na majani je? Kwa mtu wa Kilombero au Mbarali, ambako mabua ya mpunga yanachomwa moto kila mwaka, sioni sababu ya kununua plastiki kwa kila zao. Tandaza unene wa sentimita 5 hadi 10, acha nafasi kidogo kuzunguka shina, na udongo unabaki baridi. Joto la Pwani na Morogoro linaweza kuipa majani ushindi dhidi ya nailoni nyeusi, inayochemsha mizizi ya miche michanga. Ila yana kero zake: mbegu za magugu, mchwa, na gharama ya usafiri kama hayako jirani. Kwa heka kumi za tikiti huenda usiyapate ya kutosha. Kwa robo ekari ya pilipili, mbona yapo.

Mengine niyapitie haraka. Mipira ya dripu nunua minene na uiwekee chujio zuri, maana mingi inatupwa kwa kuziba, si kwa kuchakaa. Kreti za plastiki za nyanya sina ugomvi nazo hata kidogo, zinadumu miaka na nyanya zinafika sokoni zikiwa nzima, tofauti na tenga. Wenzetu wa parachichi Njombe na Rungwe, kata kiriba na ukitoe kabisa kabla ya kufukia mche. Kuchana tu pembeni hakutoshi, mizizi itajizungusha humo.

Chupa za viuatilifu zinahitaji neno zaidi. Osha mara tatu palepale unapochanganya dawa: jaza maji robo, funga, tikisa nusu dakika, mimina kwenye bomba la kupulizia, subiri itone, rudia. Dawa uliyoinunua inaenda kwenye zao badala ya kubaki chupani. Toboa kitako ili asije mtu akaitia mafuta ya kula au maziwa, kisha zitunze kwenye gunia mbali na watoto. Usichome. Moshi wa chupa ya sumu unavuta wewe na familia yako.

Brazil wamelipanga hili kwa sheria ya mwaka 2000. Stakabadhi ya dawa inaandikwa mahali pa kurudisha chupa, mkulima ana mwaka mmoja wa kufanya hivyo, na watengenezaji wanabeba gharama za kuziharibu au kuzirejeleza. Zaidi ya asilimia 90 ya chupa hizo zinarudi. Kwetu, kikundi chenye wanachama thelathini wanaonunua dawa duka moja kina nguvu ya kumwambia mwenye duka: tutaendelea kununua kwako, lakini chupa zilizooshwa uzipokee na umbane msambazaji wako azichukue. Mmoja mmoja hatawasikiliza.

Kuhusu kuuza malchi iliyotumika: wanunuzi wa plastiki chakavu wanaikwepa kwa sababu ya udongo, ambao unaweza kuzidi uzito wa nailoni yenyewe. Ianike, ipige kwa fimbo ikikauka, ifunge robota, na uitenganishe na mipira ya dripu. Chupa za dawa zisiguse mzigo huo kabisa. Mpigie mnunuzi kabla ya kukodi gari, na umtumie picha ya mzigo. Kilo 60 za mtu mmoja hazimtoi mjini, lakini mkikusanya za mashamba kumi mahali pamoja anakuja mwenyewe.