Unga Unaopasua Jabali Bila Kishindo

Sogeeni, wanangu, niwasimulie habari za unga unaopasua jabali bila baruti wala kishindo.

Unga huo huanzia kwenye jiwe la chokaa. Hata matumbawe ya pwani yetu ni ya jamii hiyo. Mafundi wa Unguja na Lamu wameyachoma karne nyingi wapate chokaa ya kujengea. Jiwe likifika joto la nyuzi 900 hivi, hutoa hewa ya ukaa iliyofungwa ndani yake. Kilo 100 za jiwe safi hubaki kilo 56 tu. Zile 44 zimepaa angani!

Kuchoma nako kuna mwendo wake. Jiwe hugeuka kuanzia nje kwenda ndani, kama muhogo juu ya makaa: nje umeiva, kiini bado kibichi. Ndiyo maana bonge kubwa huchelewa na kokoto huwahi.

Sasa nitegeeni sikio, maana ufundi wenyewe uko hapa. Chokaa iliyochomwa kwa moto wa kiasi ina vitundu vingi mno. Ikiguswa na maji huchemka papo hapo. Hiyo haifai, itafura hata kabla hujaimimina kwenye shimo lililotobolewa mwambani. Basi huchomwa zaidi, kwa moto mkali na muda mrefu, mpaka chembe zishikane na vitundu vizibe. Maji sasa hupenya kwa taabu, nayo chokaa hufura polepole, saa baada ya saa.

Mchimbaji hutoboa mashimo kwa mstari, upana sentimita 3 hadi 5, akakoroga unga wa chokaa hiyo na maji, akajaza rojo. Rojo hugandamana, hufura, na halina pa kwenda ila kusukuma kuta za shimo, kwa nguvu inayoweza kupita uzito wa kilo 300 kwa kila sentimita ya mraba. Mwamba ukibanwa ni shujaa, ukivutwa ni dhaifu. Ufa hutambaa kutoka shimo hili hadi lile.

Tangu miaka ya 1880 wachimbaji wa makaa ya mawe Uingereza walijaribu chokaa badala ya baruti, wakihofia cheche zisilipue gesi mgodini. Unga wa kisasa ulikuja kutoka Japani karibu karne moja baadaye.

Lakini si wa kuchezea. Ukipata joto kupita kiasi hufyatuka shimoni na unaweza kupofusha macho. Aliyejaza shimo hachungulii tena, hata awe amevaa miwani ya kazi.