Chumvi ya madini: Mwanzo wa ndama bora ni kwenye hori

Ng'ombe akipandishwa mara tatu bila kushika mimba, wafugaji wengi hulaumu mbegu au fahali. Lawama hiyo si ya haki kila wakati. Katika maeneo ya majani chai ya Kericho na Bomet, huenda tatizo linaanzia kwenye udongo.

Chai hustawi kwenye udongo wenye asidi. Katika udongo huo, madini ya chuma na alumini huishika fosforasi, hivyo nyasi hazipati ya kutosha. Nepia iliyokomaa hupungukiwa zaidi. Ng'ombe anaweza kushiba kila siku na bado akakosa madini.

Hali hii si ngeni Bonde la Ufa. Karne iliyopita, ng'ombe karibu na Nakuru walikonda na kufa ilhali malisho yalikuwapo. Ugonjwa huo uliitwa Nakuruitis, na baadaye ikabainika kuwa chanzo ni ukosefu wa kobalti.

Ng'ombe aliyepungukiwa na fosforasi hutafuna mifupa, udongo au nguo, na huchelewa kuingia kwenye joto baada ya kuzaa. Akikosa shaba, manyoya hupauka. Akikosa seleniamu, kondo la nyuma linaweza kukwama. Fahali naye huhitaji zinki ili mbegu zake ziwe na nguvu.

Hasara yake ni rahisi kuhesabu. Ng'ombe hubeba mimba kwa takriban siku 283. Ili azae kila mwaka, ni lazima ashike mimba ndani ya siku 82 hivi baada ya kuzaa. Kila joto linalopita bure hurudisha mfugaji nyuma kwa siku 21, huku lishe na malipo ya mhudumu wa AI yakiendelea.

Mfugaji, awe wa maziwa au wa nyama, anashauriwa kufanya yafuatayo:

• Aanze kutoa chumvi ya madini angalau miezi miwili kabla ya kupandisha, na asikatize. Mbegu za fahali pia huchukua takriban miezi miwili kukomaa.
• Anunue chumvi iliyotengenezwa kwa ajili ya ng'ombe, yenye alama ya ubora ya KEBS. Chumvi ya jikoni na magadi havina fosforasi.
• Afuate kipimo kilichoandikwa kwenye mfuko. Ya unga ichanganywe na chakula. Ya jiwe iwekwe mahali pasiponyeshewa, ng'ombe wote wafikie.
• Maji safi yawepo wakati wote.
• Kondoo wasipewe chumvi ya ng'ombe, kwa kuwa shaba iliyomo inaweza kuwaua.
• Ng'ombe aliyekaushwa asipewe chumvi ya anayekamuliwa bila ushauri, kwa sababu kalsiamu nyingi kabla ya kuzaa huchangia homa ya maziwa.

Hata hivyo, chumvi haiwezi kuziba pengo la njaa, wala haitibu brusela. Tena haisaidii iwapo joto halitambuliwi kwa wakati. Ng'ombe anayeonekana kwenye joto asubuhi apandishwe jioni. Wa jioni apandishwe asubuhi inayofuata.

Ng'ombe akiendelea kurudia joto licha ya lishe nzuri, mfugaji amwone afisa wa mifugo wa wadi yake ili apimwe kabla ya kulipia mbegu nyingine.