Bahari Ndani ya Kisanduku

Sogeeni, wajukuu zangu, niwaeleze jinsi bahari nzima inavyoingia katika kisanduku.

Zaidi ya miaka 1000 iliyopita alizaliwa Basra mwanazuoni aitwaye Ibn al-Haytham, ambaye baadaye aliishi Kairo. Alipanga taa kadhaa mbele ya tundu la chumba chenye giza. Kila taa ikapiga doa lake ukutani. Akifunika taa moja, doa lake peke yake hutoweka. Mwanga huenda kwa mstari ulionyooka, na mianga mingi hupita tundu moja bila kuchanganyika.

Kamera ya tundu la sindano ni chumba hicho hicho kilichopunguzwa. Paka kisanduku rangi nyeusi ndani. Kata bati la kopo la soda, litoboe kwa ncha ya sindano, tundu la milimita 0.3 hivi, ulibandike mbele. Lenzi haina. Mwanga wa mawinguni hushuka hadi chini, wa mchangani hupanda juu, kwa hiyo picha hukaa miguu juu.

Sasa twendeni Jambiani, mashariki mwa Unguja, asubuhi ya bamvua, maji yamekupwa. Akina mama wamo katika mashamba yao ya mwani, wakifunga miche kwenye kamba. Waamkieni, muwaombe ruhusa. Filamu ya ISO 100 ingetosheka kwa sekunde mbili tatu juani. Mimi huweka karatasi ya kuchapia picha, ambayo hutaka kama dakika nzima, na dakika hiyo ndiyo ninayoipenda. Kigingi cha karibu na mwamba wa mbali vitatoka sawasawa. Mama anayeinama na kuinuka atabaki kivuli. Mpita njia hataonekana kabisa. Mawimbi yatatandaa kama moshi. Wekeni jiwe juu ya kisanduku, maana upepo wa kusi hauna subira.

Kuna pia Holga, kamera ya plastiki iliyotoka Hong Kong mwaka 1982. Yenyewe ina lenzi, na umbali huchaguliwa kwa vijipicha: mtu mmoja, watu watatu, kundi, mlima. Kwa bahari chagueni mlima. Zibeni viungo vyake kwa utepe mweusi, kwani huvujisha mwanga. Na haikukatazi kupiga mara mbili juu ya kipande kimoja cha filamu! Basi iegemezeni imara, mpige ngalawa imelala mchangani. Msivute filamu, wala msiiguse kamera. Maji yakijaa, pigeni tena. Ngalawa moja itaonekana imelala na inaelea.