Rambirambi za Simuni

Mtu akifariki dunia alfajiri katika mtaa wowote wa mwambao wetu, kabla sanda haijakatwa na kabla wachimbaji hawajafika makaburini, habari huwa zimekwisha kuwasili Maskati, Toronto na Mwanza, na kundi la WhatsApp limekwisha kufunguliwa kwa jina la marehemu, wakatiwa humo jamaa, waliosoma naye, majirani waliohama zamani, na wengine ambao wafiwa hata sura zao wamekwisha kuzisahau. Tangu mwaka 2022 kundi moja laweza kuwa na watu 1,024, umati ambao hakuna baraza la msiba lingeweza kuuketisha. Na kwa kuwa M-Pesa, iliyoanza Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka uliofuata, imetuondolea taabu ya kumtafuta msafiri mwaminifu wa kumkabidhi bahasha, aghalabu rambirambi hufika kabla ya waliao.

Nisifahamike kuwa nawadharau hao wa mbali. Mwanazuoni wa Kimarekani Mark Granovetter, katika makala yake mashuhuri ya mwaka 1973, alieleza kwamba miongoni mwa watu aliowachunguza, waliopata kazi kwa msaada wa kujuana, ni kiasi cha mmoja tu katika sita aliyeipata kwa mtu anayeonana naye mara kwa mara. Waliosalia walisaidiwa na watu wanaoonana nao mara moja moja au kwa nadra. Sababu yake si ngumu: jamaa wa karibu aghalabu ajua yale yale uyajuayo, ilhali mtu wa mbali hukaa penye habari usizozipata. Ndiyo maana ujumbe wa kumtafutia mgonjwa damu ya kundi adimu, ukipita mikononi mwa watu wasiojuana, huweza kumfikia mfadhili ambaye ukoo mzima usingemtambua.

Linalonikera ni ile orodha ya michango. Kila jioni mweka hazina huibandika upya kundini: namba, jina, kiasi, na alama ya vema kwa aliyekwisha kutuma; aliyeahidi asilipe, jina lake hubaki wazi, bila alama, mbele ya macho ya watu mia mbili, wakwe zake wakiwamo. Aliyetoa laki tano hukaa juu, na fundi cherehani wa elfu tano huteremka kila orodha inapopangwa upya, hata usiku mmoja wasimamizi wa kundi wakaona maandishi madogo kwamba fulani ametoka kundini. Kumbe fundi huyo ndiye aliyeshuka kaburini na jembe kuuchimba mwanandani, na mkewe alikuwa miongoni mwa wanawake waliokesha uani wakichambua mchele wa hitima. Lakini kwa hayo yote orodha haina safu, kwani imeumbwa kwa kipimo cha mtu wa mbali, ambaye hana cha kutoa ila fedha.

Na kipimo hicho, kwa kuwa ni chepesi, wa karibu nao wamekipenda. Jirani ambaye mlango wake unatazamana na wa mfiwa, ambaye zamani angalikuja na birika la chai akaketi mkekani kimya mpaka magharibi, sasa hutuma picha ya viganja viwili vilivyokutanishwa, akaandika poleni sana, akarejea katika shughuli zake akiamini kwamba amekwisha kutimiza haki ya ujirani. Aliyeko Maskati ana udhuru wa bahari. Huyu udhuru wake ni upana wa kichochoro.

Nawaomba basi waweka hazina wa makundi haya, ambao kazi yao ni nzito na shukrani zake haba, waandike majina bila kutaja kiasi, hesabu kamili wapewe wenye msiba peke yao, na juu ya orodha, kabla ya mchango wa kwanza, wawataje waliochimba, waliomwosha maiti na waliopika.